Mwenzako hayupo pale aliposema

Ilikuwa Septemba, narudi Dodoma kutoka Tabora na ndege ya injini moja, abiria wanne nyuma. Njia ile marubani wengi tunaifuata reli: Itigi, Manyoni, Saranda, kisha ukingo wa Bonde la Ufa unaporomoka chini yako na mbuga ya Bahi inatandazika mbele. Moshi wa mapori yaliyochomwa ulikuwa umechanganyika na vumbi, macho hayafiki mbali.

Nikiwa nimeshaipita Saranda, futi 9,500, rubani aliyetoka Dodoma akatangaza redioni: yuko Bahi, futi 8,500, anaelekea magharibi. Nikapiga hesabu: tukikaribiana kwa maili nne na nusu za baharini kila dakika, tutapishana baada ya dakika nne. Dakika nne zikapita, sikuona kitu, nikajiridhisha kwamba yuko nyuma yangu. Nikaanza kushuka.

Nilipokaribia 8,500 nikaona nukta nyeupe kwenye kioo, juu kidogo ya pua ya ndege. Haikusogea kulia wala kushoto, ilikuwa inanenepa tu. Ndege isiyosogea kiooni ndiyo inayokuja kukugonga; ile inayohama kwenda pembeni itapita. Nikakata kulia, naye akakata kulia kwake kama sheria inavyotaka. Tulipishana nikiisoma namba iliyoandikwa ubavuni mwake.

Tulipoongea jioni kwa simu nikaelewa. Hakunidanganya. Alitaja Bahi kwa kuangalia saa, kwa muda aliokuwa ameupanga kabla ya kuruka. Lakini uwanja wa Dodoma uko juu, zaidi ya futi 3,600 kutoka usawa wa bahari, jua lilishakuwa kali, mzigo ulikuwa kamili, na ndege ilipanda kwa kujikongoja. Alikuwa maili kama nane nyuma ya alipodhani yupo. Na mimi nilikuwa nimeichukua kauli yake kama msumari uliopigiliwa ramani.

Tangu siku hiyo kila ndege ninayoisikia naichora kama duara. Naanza na maili mbili, kwa sababu hata jina la mahali lina utata: mmoja akisema Bahi anamaanisha stesheni, mwingine mbuga nzima. Kisha naongeza robo maili kwa kila dakika iliyopita tangu aseme, maana upepo wa noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa) ambao hukuuhesabu unakusogeza kiasi hichohicho. Baada ya dakika kumi duara lina maili nne na nusu kila upande. Kama hajui alipo kwa GPS, nalipanua zaidi. Yangu nayo ina duara lake, hata kama ni dogo. Maduara yakigusana sikivuki kimo chake, hata niwe na haraka gani.

Kimo ndicho ninachokitegemea zaidi. Kosa la mahali linaweza kuwa maili kadhaa. La kimo kwa kawaida ni futi mia moja au mbili, mradi wote mmeweka kipimo kimoja cha mgandamizo wa hewa kwenye saa ya kimo. Ukikosea hektopaskali nne umepotoka kama futi 120. Kwa hiyo futi 1,000 kati yenu ni ukuta wa kweli, usiubomoe kwa kukisia.

Muulize pia swali lenye jibu moja. "Uko wapi?" halitoshi. Sema: "Maili ngapi kutoka Dodoma, kwa GPS, sasa hivi?" Nawe taja yako kutoka Dodoma hiyohiyo.

Wadogo zangu mnaoelekea kwenye ndege kubwa mtakuwa na TCAS, mtambo wa kuzuia ndege kugongana, itakayowaambia pandeni au shukeni. Amueni mkiwa bado chini mtamsikiliza nani. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, mwongoza ndege alisema shuka wakati TCAS inasema panda. Tupolev ikashuka, na Boeing ya mizigo, ikiitii TCAS yake, nayo ikashuka. Watu 71 walikufa. Mashine zikishaanza kuelekezana, ifuate yako.

Juzi nilikuwa tena juu ya Saranda, na mwenzangu akatangaza Bahi. Nikaandika saa kwenye karatasi ya pajani, nikamuuliza maili, akasema 24. Bahi yenyewe iko kama maili 29. Nikamjibu: "Nabaki 9,500 mpaka nikuone." Nikamwona akipita chini yangu, upande wa kushoto, kivuli chake kikikimbia juu ya mbuga.