Maswali yenu: leza inavyokagua elektroni bila ya kuzisimamisha

Wiki iliyopita niligusia mashine za kuchapua chembe, yaani kuzikimbiza kwa kasi kubwa mno, na kwamba leza hutumika kupima polarizesheni ya elektroni zake. Maswali yamemiminika. Haya manne ndiyo niliyoona yanagusa kiini.

Shikamoo Maalim. Nasoma skuli hapa Wete. Hiyo polarizesheni ndiyo nini?

Marahaba, mwanangu. Kila elektroni ina spini, inayoifanya iwe kama kisumaku kidogo chenye mwelekeo. Chukua elektroni 100 zinazokimbia pamoja. Zikiwa 50 zimeelekeza spini mbele na 50 nyuma, polarizesheni ni sifuri. Zikiwa 95 mbele na 5 nyuma, toa 5 katika 95: asilimia 90.

Maalim, mwanga utajuaje spini imeelekea wapi? Mimi msokota kamba tu, Jambiani.

Dada yangu, usiseme "tu", maana jibu umelishika viganjani. Kamba ya usumba ukiizidisha msokoto upande uleule, inakaza. Ukiigeuza upande wa pili, inafumuka. Kamba ni moja, mkono ni mmoja, ila inaitika mbalimbali.

Mwanga wa leza nao husokotwa, kulia au kushoto, kisha huelekezwa uso kwa uso na elektroni. Fotoni (chembe za mwanga) chache hugonga elektroni na kurudi nyuma. Tukio hili mwanafizikia Arthur Compton alilieleza mwaka 1923. Idadi ya zinazorudi, na nishati zake, hutegemea kama msokoto wa mwanga unaafikiana na spini au unapingana nayo. Basi wataalamu huhesabu kwa msokoto wa kulia, wakageuza kushoto, wakahesabu tena. Tofauti ndiyo habari yenyewe. Tuseme nadharia inadai kuwa elektroni zote zikielekea upande mmoja tofauti ingefika 4 katika 100, nasi tumeona 3: polarizesheni ni asilimia 75. Napenda sana kipimo hiki, kwa sababu hakiulizi "ngapi?" bali "zimezidiana kwa kiasi gani?"

Na elektroni zinazogongwa ni chache mno. Zilizobaki zinaendelea na kazi zao, hali ya kuwa njia nyingine, ya kuzipitisha kwenye kibati chembamba cha chuma, hulazimu jaribio lisimame kwanza.

Nimesoma kuwa mwanga wa kijani hurudi ukiwa gama. Inawezekana? (Chake Chake)

Inawezekana. Gama ni mwanga wenye nishati kubwa mno. Mtoto akipiga mpira ukagonga uso wa daladala inayomjia mbio, mpira hurudi kwa kasi kuliko alivyoupiga. Elektroni ndiyo daladala. Katika maabara ya Jefferson Lab, Virginia, Marekani, elektroni hufikishwa nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) bilioni 11. Fotoni ya kijani yenye elektronivolti 2.3 ikigongana nayo uso kwa uso inaweza kurudi na bilioni 3 hivi.

Kwa nini kujisumbua hivyo? (Mkunazini)

Kwa sababu kosa la polarizesheni huingia moja kwa moja kwenye jibu la jaribio. Maabara hiyohiyo ilipima jinsi nyutroni zinavyotokeza kidogo nje ya protoni katika kiini cha atomu ya risasi (ile metali nzito), kwa kutafuta tofauti kati ya elektroni zenye spini ya mbele na zenye spini ya nyuma, isiyofika sehemu moja katika milioni. Katika jaribio lililofuata, la madini ya kalisi, leza ilipima polarizesheni kwa kosa la asilimia 0.36 tu.

Kilichowapa kazi khasa ni kioo. Mwanga huingia kwenye bomba lisilo na hewa kupitia dirisha, na dirisha hilo, likibanwa na kukandamizwa na hewa ya nje, huuharibu msokoto kidogo. Ukiupima nje umedanganyika, na ndani huwezi kuweka chombo. Wakagundua kwamba mwanga unaorudi nje kwa njia ileile umebeba alama ya kila kilichousibu ndani. Wanausoma huo.