Fundi ametoa themostati, gari halichemshi tena: nimepona au nimeumia?

SWALI: Gari langu la petroli lilikuwa linachemsha kila nikipanda mlima nikiwa na mzigo. Barabara ya tambarare halikuwa na shida. Fundi aliitoa themostati, akarudisha kifuniko chake, akaniambia kile ni kifaa cha nchi za baridi. Kweli tangu siku hiyo halijachemsha, na mshale wa joto hauvuki robo ya geji. Ila naona mafuta yanaisha upesi. Themostati ina kazi gani hasa, kama gari linatembea bila hiyo?

JIBU: Huo mshale unaokupa moyo ndio unaonitia wasiwasi mimi. Injini yako haijapona, imekosa joto lake tu.

Wengi hudhani mfumo wa maji umewekwa ili injini iwe baridi kadiri inavyowezekana. Sivyo. Umewekwa ili injini ifike haraka kwenye joto la kufanyia kazi na ikae hapo, na kwa magari mengi maji yanatakiwa yawe karibu na nyuzi 90 za Selsiasi. Pampu haijui kiwango hicho. Injini ikizunguka, nayo inasukuma. Rejeta haijui pia. Ukiipa maji ya moto itayapoza, ukiipa ya vuguvugu itayapoza vilevile. Anayeamua maji yaende rejeta au yasiende ni themostati.

Ukiishika mkononi ni kidude kidogo tu: mlango wa bati, springi, na kikombe cha chuma kilichojazwa nta. Injini ikiwa baridi nta ni ngumu na springi inaubana mlango. Maji yanayotoka kwenye injini yanakuta njia ya rejeta imefungwa, yanakata kona na kurudi kwenye pampu kwa njia fupi ya pembeni. Kwa kuwa yanazunguka humohumo, yanapata moto upesi. Yakifika kiwango kilichogongwa kwenye kifaa, kwa mfano 82 au 88, nta inaanza kuyeyuka, inatanuka, inasukuma kipini na mlango unaachia. Hauachii wote kwa mara moja. Kufunguka kabisa huhitaji nyuzi 10 hadi 15 zaidi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya safari mlango uko nusunusu, ukisogea kidogo huku na kidogo kule kulingana na mlima, upepo na mzigo. Magari kadhaa ya kisasa yameongezewa waya wa kuipasha nta kwa amri ya kompyuta, lakini kazi ni ileile.

Sasa hoja ya nchi za baridi. Tuseme nje kuna joto kali, nyuzi 35. Bado kuna nyuzi 55 za kupanda hadi ufike 90, na rejeta iliyo wazi muda wote, gari likikimbia barabara kuu bila mzigo, inaweza kuyaweka maji chini sana ya kiwango. Kwenye theluji madhara yanaonekana mapema zaidi, basi.

Madhara yenyewe ni yapi? La mafuta umeliona mwenyewe. Kompyuta ya injini inasoma joto la maji kupitia sensa, na ikiambiwa injini bado baridi inaongeza petroli, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini baridi. Yako inaambiwa hivyo safari nzima. Sehemu ya petroli hiyo ya ziada haiungui. Inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini, na ringi za pistoni zinabaki kusuguana na chuma kikavu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Mwingi hutoka na moshi, lakini kiasi hupenya kando ya pistoni hadi kwenye oili. Oili ikiwa ya moto, mvuke huo hufukuzwa. Ikiwa ya vuguvugu, maji hukaa, hukutana na masalia ya moshi, na unapata asidi na tope. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando mzito wa rangi ya maziwa, usikimbilie kusema gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, imekufa. Huenda ni injini isiyopata joto. Angalia kwanza kama maji ya rejeta yanapungua.

Utasikia pia kwamba bila themostati maji hupita mbio kwenye rejeta yakakosa muda wa kupoa. Maelezo hayo si sahihi: yakipita kwa kasi, kila tone hupoteza joto kidogo, lakini matone ni mengi, na jumla ya joto linaloondoka huongezeka. Hatari halisi iko kwenye ile njia fupi. Injini nyingi hutumia themostati yenye bamba la pili ambalo huziba njia fupi pale mlango mkuu unapofunguka. Ukiitoa, njia fupi hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwenye mlima mkali wenye mzigo, gari la namna hiyo linaweza kuchemsha kwa sababu ya kutolewa themostati.

Na hapa ndipo sikubaliani kabisa na fundi wako. Themostati iliyonasa ikiwa imefungwa huchemsha gari hata tambarare, tena mapema, huku bomba la kuelekea rejeta likiwa bado baridi. Gari lako lilichemsha mlimani tu. Mimi ningeanza na rejeta: imeziba ndani au mapezi yake yamejaa uchafu? Kisha feni, mkanda wa pampu, na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima huzuia presha ya karibu bari 1, na kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Kikilegea, unapoteza akiba hiyo yote. Usikifungue injini ikiwa ya moto.

Kama themostati ya zamani ipo, ipime. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha pasha moto. Iwe inaanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa, na ifunge tena ikipoa. Ukinunua mpya, chukua ya nyuzi zilezile alizoweka mtengenezaji. Ya nyuzi ndogo haitibu rejeta iliyoziba. Upande wa nta uelekee injini, na kama ina tundu dogo la hewa, liwe juu. Weka gasketi mpya, jaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), toa hewa yote.

Kisha washa injini ikiwa baridi na ushike bomba la juu la rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Kwenye injini ambazo themostati iko upande huo, bomba litabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu litapata moto ghafla. Hapo ujue nta imefanya kazi.