Togo (mafunjo) tulitoe tupande mpunga?

SWALI: Habari ya kazi mwalimu. Mimi nalima mpunga hapa Ahero, ekari mbili karibu na Mto Nyando, na pale chini kuna kinamasi kimejaa mafunjo, hii tunaita togo. Baba watoto anasema tukiling'oa tunapata nusu ekari ingine, lakini mama mkwe amekataa kabisa, anasema hio ndio inasafisha maji tunachota. Ni ukweli ama ni mambo ya wazee tu?

JIBU: Mama yangu, mkweo ako sawa, na mimi niko upande wake. Nyando inashuka kutoka Nandi na Tinderet, inapita mashamba ya miwa, mvua ikinyesha inawafikia ikiwa rangi ya chai ya maziwa. Huo udongo umebeba fosforasi ya mbolea ya DAP ya wenzenu wa huko juu, maana fosforasi hushikana na udongo. Sasa maji yakiingia kwa mafunjo yanapoteza mbio, yanapenya polepole katikati ya mashina, na yakitulia tope linakaa chini. Naitrojeni nayo ina njia yake, na hii huwa inanifurahisha sana: lile tope jeusi linanuka mayai viza halina hewa, kwa hivyo bakteria wa mle ndani wanapumua naitrati, yaani naitrojeni iliyoyeyuka kwa maji, badala ya hewa, wanaigeuza gesi inapanda juu, imeenda.

Siku mvua imenyesha chukua chupa mbili, moja uchote penye maji yanaingia kinamasi na ingine penye yanatokea, ziweke mezani mpaka asubuhi, halafu muite baba watoto aangalie tope lililokaa chini kwa kila moja.

Lakini ya kunywa bado chemsha, vijidudu vinapungua tu, haviondoki vyote. Na mkichimbua hapo, ile fosforasi imelala kwa tope miaka yote inaamka inaenda ziwani kulisha gugu maji, na si mnajua vile gugu hufunga maboti Kisumu.

Kama ni pesa anataka, kateni mafunjo kwa zamu, kipande hiki leo kile msimu ujao, muuze ya mikeka na vikapu, mizizi iachwe itachipuka, na kila mzigo unaotoka unatoka na mbolea iliyokuwa ndani ya maji. Halafu kwa mpunga wenu, mkitia mbolea fungeni mfereji wa kutolea maji siku kadhaa, maana mbolea ikikimbia ni hasara yenu kwanza kabla haijafika kwa togo.