Mtarakwa mpaka Tabora? Angalia mninga kwanza

Kaka, umeuliza kama uagize mtarakwa (ule mti ambao kwa Kiingereza nao huitwa cedar, yaani mwerezi) kutoka kaskazini ujengee nyumba ya magogo hapo Tabora. Sifa zake ni za kweli: mafuta yaliyo kwenye kiini chake yanawakera mchwa na kuchelewesha kuoza. Lakini ni kiini tu. Ile sehemu nyeupe ya nje mchwa wanaila kama mti mwingine wowote, na gogo jembamba lina nyeupe nyingi. Halafu ule mwerezi mwekundu wa kwenye video za Marekani na Kanada ni mti mwingine kabisa, usichanganye.

Mimi ningetafuta mninga, upo kwenye misitu yenu ya miombo. Ukikauka husinyaa kidogo sana, na kiini chake mchwa hawakiwezi kirahisi. Tatizo ni bei, maana magogo yaliyonyooka mafundi samani wanayagombea! Nunua yenye kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), usije ukanyang'anywa barabarani.

Kausha kivulini kiangazi chote, kabla ya mvua za Novemba. Na gogo la chini lisiguse udongo: msingi wa mawe mpaka usawa wa goti, upenu mpana.