Glaida ya povu: irushe kwanza, ndo uanze kukata

Wadogo zangu, nimevumilia nimechoka. Kila nikifika uwanjani namkuta mtu mpya na glaida yake, yaani ndege ndogo ya rimoti ya povu, boksi kafungua juzi tu, na tayari kashakata pua, kaweka mota kubwa zaidi, mkia kauzungushia tepu wote na rangi juu yake, halafu anauliza mbona inainua pua na kuanguka. Nagomba kwa sababu nawapenda. Hizi Easy Glider, Radian na Bixler zimechorwa na watu waliohesabu kila gramu na ikae wapi, kwa hiyo irushe kama ilivyotoka kiwandani, uijue tabia yake, ndo uanze kukata.

1. Sevo kwanza, gundi baadaye. Washa rimoti, trimu (vile vitufe vya kurekebisha kidogo) zote katikati, risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege) ipate umeme, ndo uweke mkono wa sevo, kile kimota kinachosukuma vipande vya bawa na mkia, na ukaze skrubu. Nimeona watu wanabandika sevo kisha mkono umekaa upande, wanakula trimu yote kuurudisha, na hewani hawana trimu iliyobaki. Bawaba za EPO (aina ya povu) zinakuja ngumu, zikunje juu chini kwa mkono mpaka zilainike, na pale mwisho wa eleroni, kile kipande kinachocheza nyuma ya bawa, ambapo povu bado limeshikana na bawa pitisha wembe, maana sevo ya gramu 9 haikuumbwa kupigana na povu. Na propela iwe imetoka unapofanya haya yote. Hilo sirudii.

2. Gundi. Supa gluu ya kawaida kwenye EPO na povu mwenzake EPP haina neno, lakini kwenye EPS, lile jeupe la punjepunje wanalofungashia TV, inalila mbele ya macho yako. Jaribu sehemu iliyojificha. Kwangu gundi ya povu ya UHU POR inatosha kazi nyingi, inabaki laini na haivunjiki kwa mshtuko. Epoksi ni nzito, itumie pale tu panapobeba mzigo kweli, kama ukuta wa mota.

3. CG, yaani kitovu cha uzito, pale ndege inapolingana ukiishika. Hapa ndo nataka mkae chini.

Mkia uko mbali, pua iko karibu. Tuseme mkia uko sentimita 70 nyuma ya CG, na sehemu unayoweza kuweka uzito puani iko sentimita 20 mbele yake. Gramu 10 ulizopaka mkiani zinakudai gramu 35 puani, yaani kijiti kimoja cha kaboni na epoksi yake vimeongeza gramu 45 kwenye ndege nzima, na ile glaida iliyokuwa inaelea sasa inatua kwa kasi. Kwa hiyo mtu anaposema "nimeweka kidogo tu mkiani" mimi namuuliza, na puani umeweka kiasi gani?

Hili nimelijua kwa kuumia. Nilikuwa na glaida ya mita 2 naipenda sana, eleveta yake, kile kipande cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, ilikuwa inajipinda kidogo nikipiga mbizi, nikaamua kuiimarisha. Nikachana mfereji nikazamisha kijiti cha kaboni kwa epoksi, nikaona bado, nikaongeza tepu ya nyuzi juu na chini, na kwa vile mistari ya gundi ilikuwa inaonekana nikapiga rangi mkia mzima. CG nilikuwa nimeipima, kweli kabisa nimeipima, ila niliipima kabla ya hayo yote na kichwani ikabaki kwamba CG iko sawa. Nikairusha. Ilipotoka mkononi tu ikainua pua, nikasukuma fimbo mbele, ikashuka kuliko nilivyoiomba, nikavuta, ikapanda zaidi ya mwanzo, yaani kila nikigusa kidogo inajibu kwa pupa, mwisho ikasimama hewani, ikalaza bawa moja ikaingia ardhini. Ikavunjika nyuma tu ya mabawa.

Nikalaumu upepo. Nikalaumu risiva, nikasema inakatakata. Nikaenda nyumbani nikaunga pale palipovunjika kwa epoksi ya kutosha maana nilitaka pasivunjike tena, na kufanya hivyo ni kuongeza uzito nyuma ya CG kwa mara nyingine, nikarudi uwanjani ikafanya yaleyale ikavunjika palepale. Mzee mmoja wa kazi hii akaokota nusu ya mbele, akaishikiza na ile ya nyuma, akanionyesha niweke vidole viwili chini ya mabawa kwenye alama ya CG. Mkia ukashuka hapohapo. Hakunisema hata neno. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu dalili zote nilizipata hewani na bado nikaenda kutafuta kosa kwenye redio, na ndicho ninachowaona mnafanya sasa hivi, ndege inayumba juu chini na wewe uko bize kubadilisha risiva.

Basi ukishamaliza mod yoyote, hata stika, pima upya, betri ikiwa ndani na kanopi imefungwa, alama ukihesabu kutoka ukingo wa mbele wa bawa kama kitabu kinavyosema. Kama kitabu hakipo, anzia robo ya upana wa bawa kutoka mbele, usivuke theluthi siku ya kwanza. Na kabla hujabandika uzito wa risasi puani, sogeza betri mbele kwanza, halafu risiva, mara nyingi inatosha.

Ukisharuka vizuri ndo unatafuta utamu. Panda juu, zima mota, trimu iende yenyewe imenyooka, kisha isukume ishuke kwa mbizi fupi na uachie fimbo. Ikijiinua taratibu, kaa hapohapo. Ikijiinua kwa nguvu, pua nzito. Ikizidi kuchimba chini, mkia mzito, itoe mapema utue ukasogeze betri.

4. Kaboni na tepu. Hewani bawa linapinda kwenda juu, kwa hiyo upande wa chini ndio unaovutwa, tepu ya nyuzi iende chini ya bawa, na ukanda mmoja mwembamba unatosha. Kaboni inazuia mawimbi ya rimoti ya 2.4 GHz, usilaze antena ya risiva sambamba na bomba la kaboni. Ile ncha iliyovuliwa ganda, kama milimita 31, ndiyo inayopokea, usiikate wala usiikunje. Ukiwa na antena mbili zipishane nyuzi 90. Kisha fanya jaribio la umbali, uone rimoti bado inaishika ndege ukiwa mbali, kila ukihamisha kitu.

5. Uelekeo. Simama nyuma ya ndege. Fimbo kulia, eleroni ya kulia ipande. Fimbo nyuma, eleveta ipande. Wengi wanaangalia kama zinacheza tu wanaridhika, jamani kucheza zinacheza hata zikiwa zimegeuzwa! Eleroni zipande zaidi ya zinavyoshuka, ile inayoshuka sana inaburuta bawa na pua inageukia upande usiotaka, na hapo usukani wa mkia ndio unakuokoa.

6. Breki ya ESC, kile kidhibiti cha kasi ya mota, iwashe. Propela ya kukunja haikunjiki kama mota bado inazungushwa na upepo, na propela inayozunguka bure inakula mteremko wako wote.

7. Kurusha: dhidi ya upepo, mabawa sawa, sukuma mbele imenyooka. Usiielekeze angani.

8. Jua. Povu kwenye gari lililofungwa linatoka malengelenge. Pakibonyea kidogo kwenye EPO, maji ya moto yanarudisha.

9. Kutua, maana glaida nzuri haitaki kushuka. Pandisha eleroni zote mbili kwa swichi moja, itashuka bila kuongeza kasi, ila changanya na eleveta kidogo kwa sababu pua itahama, na kiasi gani utakijua ukijaribu ukiwa juu sana. Ukizishusha zote mbili badala ya kuzipandisha, ncha za mabawa zinapoteza mwinuko kwanza na ndege inalala upande ukiwa karibu na ardhi, hasa ukigeuka. Ikifika usawa wa kiuno acha kugeuka kabisa, weka mabawa sawa, hata kama itabidi utembee kwenda kuifuata.