Jibu kwa aliyeuliza kuhusu Debian, Devuan na ugomvi wa kufoku

Mkuu umeuliza kwa nini jamaa wa programu huria wakitofautiana mtu anabeba msimbo wote anaenda kuanzisha mfumo wake, na kama foku ya hivyo inafaa kwenye seva ya kazi. Nimekaa na seva za Debian (mfumo wa Linux) miaka mingi na baadhi nilizihamishia Devuan (foku yake isiyotumia systemd), ngoja nikupe ninachokijua.

Kwanza ule ugomvi haukuwa mdogo. Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian ilipiga kura ni programu ipi iwe ya kuwasha mfumo, kura zikafungana, ya mwenyekiti Bdale Garbee ndo ikaamua, systemd ikapita. Ungedhani yameisha, wapi! Novemba ikapigwa kura ya wanachama wote, Ian Jackson, mjumbe wa ile kamati, alitaka vifurushi (programu) vingine visilazimishe systemd, ikaishia kwamba hakuna haja ya azimio lolote. Wakati huo Joey Hess, msanidi wa siku nyingi, keshaaga Debian, Tollef Fog Heen kaachia kifurushi cha systemd maana mashambulizi yalizidi, na matokeo yalipotoka tu Jackson naye akajitoa kwenye kamati. Tarehe 27 mwezi huohuo kikundi kilichojiita Veteran Unix Admins kikatangaza Devuan.

Kilichowauma ni hiki. Systemd haiwashi mashine tu, ndani yake kuna logind (inayosimamia watumiaji wanavyoingia kwenye mashine), na GNOME (desktop ya Linux) ikawa inaitaka logind, so unasakinisha desktop, kifurushi kimoja kinavuta libpam-systemd, nayo inavuta systemd, unajikuta apt (kisakinishi cha Debian) inakuorodheshea sysvinit-core, yaani programu ya zamani ya kuwasha mashine, kwenye vitu vinavyoondolewa na inasubiri ubonyeze Y. Admini wa miaka 20 akiona vile lazima achafukwe, hata mimi nawaelewa.

Ila kutangaza foku ni rahisi bwana, shughuli iko kwenye kuibeba. Debian 8 ilitoka Aprili 2015, Devuan ya kwanza iliyojengwa juu yake ikatoka Mei 2017, hesabu mwenyewe. Na iliyowaokoa ni akili ya kutobeba kila kitu: wanagusa vifurushi vichache vinavyong'ang'ania systemd, vilivyobaki vinatoka Debian kama vilivyo, kuna programu yao inaitwa amprolla inachanganya orodha mbili, ndo maana kwenye sources.list (faili la kuonyesha vifurushi vinatoka wapi) unaandika deb.devuan.org/merged. Pachi (rekebisho) ya OpenSSL, ile programu ya usimbaji fiche, ikitoka Debian unaipata, hakuna mtu Devuan aliyekesha kuiandika upya. Desktop nayo 2018 wakaipa elogind, ambayo ni logind ileile iliyochomolewa kwenye systemd ikasimama peke yake (yaani wamekimbia nyumba wakaondoka na mlango wake, hahaha).

Wanaobeba kila kitu wapo lakini wachache. Theo de Raadt alitolewa NetBSD (mfumo huria wa ukoo wa Unix) mwisho wa 1994, mwaka uliofuata akaanzisha OpenBSD, kerneli mpaka programu ndogondogo wanazitunza wenyewe, na 1999 wakatupa OpenSSH ambayo ndo unayoingilia kwenye hizo seva zako. Usitegemee kila aliyenuna afike huko.

Kwa hiyo mimi siangalii nani alikuwa sahihi kwenye ugomvi, naangalia pachi za usalama anatoa nani na zinachelewa kiasi gani. Kwangu DNS na barua pepe ziko Devuan, zimetulia, faili za log (kumbukumbu za mfumo) nazisoma kwa grep, amri ya kutafuta maneno, kama zamani. Database ya mteja nimeiacha Debian kwa sababu maelekezo yote ya waliotuuzia programu yanaanza na systemctl (amri ya systemd), sina muda wa kubishana nao. Desktop za ofisi hapana, usijipe kazi.

Ukitaka kujaribu anza na mashine isiyo na mtu, na kabla hujaiwasha upya cheki jina la kadi ya mtandao kwenye /etc/network/interfaces, enp3s0 inaweza kurudi kuwa eth0, na kama seva iko mbali na wewe ndo utapanda basi kuifuata.