Tako la hasani au siyo? Ninavyoitofautisha mimea midogo ya chumvini na mchangani

Wakuu habari za jioni. Mleta uzi kaweka picha 3 za mimea midogo inayotambaa chini, majani manene yamejaa maji. Ya kwanza kaipiga kwenye mchanga wa korongo Mto wa Mbu, ya pili kwenye udongo wa chumvi huku Kahe, ya tatu ufukweni Tanga alikoenda msibani, anauliza kama ni mmea mmoja maana anataka kuchuma mboga. Naona wengi mmemjibu zote ni tako la hasani, udongo tu ndo umeubadilisha. Hapana jamani, naomba nieleze kwa urefu kidogo maana hili suala lilinisumbua kitambo.

Mimi nipo Moshi, nalima mpunga Chekereni, huu mwaka wa 9. Anayeijua huku chini anajua ardhi yetu ilivyo, kiangazi kikikolea maji yanakauka chumvi inabaki juu, udongo unakuwa mweupe kama umemwagiwa unga, na hapo ndo hii mimea inaota wakati vingine vyote vimekufa. Nikaipenda tu, nikaanza kuikusanya. Nilikuwa na sampuli 14 nimezikausha kwenye magazeti, zote nimeziandika Portulaca oleracea, ndo hiyo tako la hasani yenyewe. Nikazipeleka Ngaramtoni kule Arusha, pale TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu (zamani TPRI), ndo ipo hifadhi ya mimea mikavu ya taifa. Dada aliyenipokea akachukua lenzi, akaangalia ya kwanza, ya pili, akanyamaza, akaniambia kaka hapa umechanganya mimea mitatu. Iliniuma kwa kweli, kazi ya mwaka mzima ile.

Kosa langu lilikuwa kuangalia unene wa jani na rangi. Hivyo vitu viwili havina msimamo kabisa. Mmea ule ule ukiota kwenye chumvi jani linanenepa, ukiota kando ya mfereji linapanuka na kuwa laini, ukipigwa na jua sana shina linakuwa jekundu, ukiwa kivulini linabaki kijani. Kuna mdau juu hapo kasema angalia tunda kama linafunguka kwa kifuniko kama chungu, nayo haisaidii maana yote ninayoitaja hapa yana kifuniko.

Aliyenifungua macho kabla ya huyo dada, ila sikumsikiliza vizuri, ni mama mmoja huku Chekereni anayechuma mboga za porini. Nilimwamkia nikamuonyesha fungu langu, akalichambua harakaharaka akatupa nusu. Nikamuuliza mama mbona unatupa, akasema "hii imekaa mbilimbili, hii hatuchumi mwanangu". Mbilimbili ni majani kukaa pande mbili za kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) yakitazamana. Tako la hasani majani yake hayatazamani hivyo, mengi yanapishana kwenye shina, afu yanasongamana nchani chini ya ua. Ua ni la njano, petali (vile vipande vya ua vyenye rangi) mara nyingi 5 na kila moja imebonyea kidogo nchani, na nyuma ya hizo petali kuna sepali (vijani vinavyofunika ua kabla halijachanua) 2 tu za kijani. Mbegu ni nyeusi, ndogo hata milimita moja hazifiki, na kwenye tunda moja zipo nyingi mno.

Ile aliyoitupa ni Trianthema portulacastrum. Hii ndo inayodanganya watu zaidi, na nadhani ndo picha ya kwanza ya mleta uzi. Majani yanatazamana, ila angalia vizuri kila jozi, jani moja kubwa mwenzake dogo, kama kaka na mdogo wake. Sasa shika kikonyo cha jani ukifuate mpaka kinapogusa shina, utakuta kimepanuka kimekuwa kama kimfuko chenye ngozi nyembamba, na ua limejificha humo ndani peke yake, rangi ya waridi hafifu au jeupe. Ukiwa umesimama huwezi kuliona, lazima uchuchumae. Hata tunda linabaki limezama humo humo, likifunguka kile kifuniko kinaondoka na mbegu ndani yake na nyingine zinabaki chini. Mimi nikishaona kimfuko siangalii kingine.

Ya tatu kwenye magazeti yangu ilikuwa Zaleya pentandra. Hii inafanana sana na Trianthema, jozi za majani ni vilevile kubwa na dogo, ila maua yanakaa kwa vishada kwenye kwapa la jani (pembeni pale jani linapoungana na shina), siyo moja moja. Ukiwa na lenzi hesabu stameni (vile vijiti vya ndani ya ua vyenye chavua), ni 5, na hilo jina pentandra ndo maana yake. Trianthema ina nyingi zaidi, 10 na kuendelea. Zaleya tunda lina mbegu 4.

Ya ufukweni Tanga ni Sesuvium portulacastrum, hiyo sina shaka. Niliwahi kuiona Pangani imefunika mchanga sehemu yote ambayo maji ya bahari hayafiki sana, kila kifundo kinachogusa mchanga kinatoa mizizi. Majani ni membamba, manene, yanatazamana. Ua lina kikonyo chake, limesimama, ni nyota ya waridi iliyokolea, ligeuze nyuma utakuta kijani. Hiyo ni kwa sababu Sesuvium, Trianthema na Zaleya ni ukoo mmoja na hawana petali za kweli, waridi unaloliona ni sepali kwa ndani. Portulaca ni ukoo mwingine.

Na mkishaanza kutafuta majina mtandaoni muwe makini, maana kuna Trianthema portulacastrum na kuna Sesuvium portulacastrum, mimea miwili tofauti jina la pili moja. Maana yake ni "inayofanana na Portulaca". Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyetupa mfumo huu wa majina mawilimawili, mwaka 1753 hiyo ya baharini aliiweka ndani ya Portulaca, akaja kuitoa 1759. Kwa hiyo aliyekosea humu asijisikie vibaya.

Sasa ile sheria ya mama ya mbilimbili ina sehemu moja inakwama. Kuna Portulaca quadrifida, ndogo, imelala kama mkeka, na yenyewe majani yanatazamana. Hii angalia kwenye vifundo, ina manyoya meupe marefu yanaonekana hata bila lenzi, na ua ni la njano petali 4. Majani yakitazamana, ua la njano petali 4 pamoja na manyoya, basi nahesabu ni hiyo.

Picha ya pili ya Kahe siwezi kukujibu mkuu, haina ua na vifundo havionekani. Umepiga jioni, na Portulaca inafungua ua masaa machache tu jua likishapanda, ukichelewa unakuta limejikunja. Rudi saa 4 asubuhi siku ya jua, piga picha ya ua kwa juu, nyingine kwa chini yake, na moja ya kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Usichume mboga bado. Ukitaka kukausha ichovye kwanza kwenye maji ya moto yanayochemka, la sivyo itaendelea kuota ndani ya gazeti, yangu moja ilitoa ua ikiwa imebanwa, na ubadilishe magazeti kila siku. Zikiwa tayari weka hapa hapa kwenye uzi, nitazipitia.